Taulo na Upepo wa Vihingo

Sogeeni, wapwa zangu. Sogea na wewe uliye nyuma, jamvi bado lina nafasi. Leo mjomba wenu ana hadithi ya Taulo.

Palikuwa na Taulo huku kwetu Vihingo, wilayani Kisarawe. Siku aliyoletwa kutoka dukani alikuwa laini. Watoto walimgombea. "Mimi kwanza! Mimi kwanza!" Ikapita wiki, ikapita miezi. Taulo akawa mgumu. Ukijifuta naye, anakwaruza. Siku nyingine ananuka, na jana tu kafuliwa! Watoto wakaanza kumkwepa. "Simtaki huyo," wakasema. "Nipe kanga ya bibi."

Siku moja Taulo alikuwa kambani, na jirani yake ni Kanga. Kanga anapepea. Taulo amekakamaa, hatikisiki. Akaona uchungu, akasema:

"Dada Kanga, tumefuliwa beseni moja. Tumefuliwa kwa sabuni moja. Tumeanikwa kamba moja. Mbona wewe laini, mimi mgumu?"

Mmelisikia swali hilo? Ni swali zuri. Anayeuliza "mbona" yuko njiani kujua. Haya, tumsaidie Taulo.

Kanga akamjibu, "Jitazame mwili wako. Mimi ni kitambaa bapa. Wewe una vitanzi."

"Mjomba, vitanzi ndiyo nini?"

Umeuliza vyema. Chukua taulo, lisogeze karibu na macho. Unaviona vijiuzi vilivyojikunja, vimesimama kila mahali? Hivyo ndivyo vitanzi. Ni pamba, kama ile inayolimwa Simiyu, Shinyanga na Mwanza. Waturuki walifuma vitambaa vya vitanzi tangu zamani. Mwingereza mmoja, Henry Christy, akaviona huko akavipenda. Kampuni ya familia yake ikaanza kuvifuma kwa mashine, na mwaka 1851 mataulo yao yakawekwa kwenye maonyesho makubwa ya London.

Kazi ya kitanzi ni moja tu: kunywa maji. Vitanzi vikiwa vingi, taulo hunywa maji mengi. Lakini anayekunywa maji hunywa na kilichomo majini.

"Mjomba, majini mna nini?"

Aa, hapo umegusa penyewe! Mvua ya masika, ile ya Machi hadi Mei, huanguka kutoka juu. Maji yake hayajapita kwenye mawe. Maji ya kisima yamepita kwenye udongo na mawe, yakachukua chokaa njiani. Chokaa hiyo ikikutana na sabuni ya mche, vinashikana na kuwa utando mweupe. Umewahi kuuona utando unaobaki kwenye beseni? Basi huohuo unabaki kwenye vitanzi. Mfuaji naye anaona povu haliji, anaongeza sabuni. Sabuni ikizidi haisuuziki yote. Utando juu ya utando. Taulo atakosaje kuwa mgumu?

Msiniamini kwa maneno tu. Jaribuni. Tafuta chupa mbili zinazoonyesha ndani. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya kisima. Kila moja itie vipande vidogo vya sabuni, kwa kiasi kilekile. Funga, tikisa, tikisa, tikisa. Chupa yenye povu jingi ndiyo yenye maji mazuri ya kufulia. Kwa hiyo mvua ikinyesha, kinga ndoo. Weka maji yake kwa ajili ya kusuuza taulo.

"Na mvua isiponyesha?"

Ndipo siki inapoingia. Siki nyeupe, nusu kikombe kwenye ndoo ya maji ya kusuuza mwisho. Loweka taulo robo saa, kisha kamua. Uchachu wa siki huondoa chokaa na utando, na harufu yake huisha taulo likikauka.

Lakini nisikilizeni sana hapa. Siki na jiki hazikutani. Hazikutani kamwe, hata tone. Zikichanganyika hutoa hewa ya sumu inayochoma koo na mapafu. Kazi ya siki ifanyike mtu mzima akiwa karibu.

Taulo akasuuzwa vizuri. Akaanikwa. Akakauka. Kumbe bado ana ugumu kidogo! "Dada Kanga," akasema, "sasa nina kosa gani?"

Nani ana jibu? Hata wakubwa walilitafuta. Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hokkaido na kampuni ya Kao, huko Japani, walieleza walichokiona. Taulo linapokaukia mahali palipotulia, maji kidogo sana hubaki yameng'ang'ania pamba. Wewe huyaoni, mkono hauyasikii. Maji hayo ndiyo yanayoshikanisha uzi na uzi.

Mnaijua kiporo cha wali? Usiku wali ulikuwa unachambuka, punje na punje. Asubuhi umeshikana, umekuwa bonge. Je, wali umeharibika? La. Mama akiupitishia mwiko, punje zinaachana, na wali unakuwa wali. Taulo naye ni hivyohivyo. Vitanzi vimeshikana, vinataka mwiko. Na mwiko wa taulo ni upepo na mikono yako.

Basi kabla ya kuanika, shika taulo pembe mbili, likung'ute. Pwa! Pwa! Pwa! Vitanzi vinasimama. Lianike kamba inayopitiwa na upepo, lisikunjwe mara nne kambani. Likikaribia kukauka, likung'ute tena. Ukilianua, likung'ute mara ya mwisho.

"Mjomba, tusitie ile dawa ya manukato ya kulainisha nguo?"

Nguo nyingine, sawa. Taulo, hapana. Dawa ile huacha mafuta juu ya nyuzi. Vitanzi vyenye mafuta havinywi maji vizuri. Taulo lisilokunywa maji litakufuta nini?

Sasa ile harufu. "Taulo limefuliwa, linanukaje?" Ni kwa sababu lina mgeni ndani yake. Mwaka 2012, watafiti wa Japani walimtaja kwa jina: Moraxella osloensis. Ni kijidudu kidogo mno, macho hayamwoni. Anapenda unyevu, na akila uchafu wa ngozi ulioachwa kwenye kitambaa hutoa harufu ile. Tena ni mbishi, hata ukavu na jua huvumilia. Dawa yake ni kutompa nafasi. Taulo lililotumika lisirundikwe likiwa bichi. Litandaze lipate hewa. Na mara mojamoja liloweke kwenye maji ya moto kabla ya kulifua. Maji hayo mtu mzima ndiye ayamimine.

Na siku za mvua mna jambo jingine la kuangalia huku kwetu. Yuko nzi wa rangi ya kahawia-njano ambaye hutaga mayai kwenye mchanga, na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Mayai yakianguliwa, funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya uvimbe kama jipu. Kwa hiyo usitandaze taulo chini, wala juu ya majani. Anika kambani, penye jua na upepo. Ukiwa na shaka, mwambie mkubwa alipige pasi, joto lake huua mayai.

Taulo akafanyiwa yote hayo. Sabuni kidogo. Maji ya mvua. Kung'uta, kung'uta, kung'uta. Jioni mtoto alipotoka kuoga, akamvuta kambani, akajifuta uso. Akasimama. Akajifuta tena, ingawa uso ulishakauka! "Mama," akasema, "hili ni jipya?" Taulo akanyamaza, lakini moyoni alifurahi.

Je, alikuwa mpya? Hakuwa mpya. Alikuwa amesuuzwa vizuri, akapigwa na upepo, akakung'utwa. Hakuna kati ya hayo linalohitaji mashine. Hata umeme hauhitajiki.

Haya wapwa zangu, nimewapa elimu, nanyi nipeni kazi. Kila mmoja ana mikono miwili, na taulo lina pembe za kutosha. Leo zikifuliwa nguo nyumbani, msimwachie mama peke yake. Mwambieni, "Taulo langu nitalikung'uta na kulianika mwenyewe." Kisha mfanye kweli.