Hasara ya lebo huanzia kwenye kompyuta

MFANYABIASHARA mdogo anayefungasha asali, unga wa lishe au pilipili ya kusaga hulazimika kulipia lebo kabla hajauza hata chupa moja. Fedha hizo zaweza kupotea zote mtamboni kwa sababu ya faili la kompyuta lisiloandaliwa sawasawa, na kama amekwisha kutia saini prufu, anayebeba hasara ni yeye, si mwenye mtambo.

Uchapaji wa ofseti, unaotumika kwa oda kubwa, una gharama zisizobadilika hata kama zinachapwa lebo 500 au 10,000. Ni lazima zitengenezwe pleti nne, moja kwa kila rangi, na mtambo uandaliwe. Kwa hiyo bei ya lebo moja hushuka kadiri idadi inavyopanda, na mteja hushawishika kuchapa nyingi kwa mkupuo mmoja. Tuseme lebo moja inagharimu Sh. 60 kwa oda ya lebo 10,000. Hizo ni Sh. 600,000. Kosa lililokuwa ndani ya faili litakuwa limejirudia mara 10,000, na mzigo huo hauuziki hata kwa nusu bei, maana lebo yenye jina la fulani haimfai mtu mwingine.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Mteja alipeleka maandishi na picha, na kiwanda kilikuwa na mafundi wa kupanga herufi, kutengeneza filamu na kutenganisha rangi. Mwaka 1985 zilitoka programu ya PageMaker na printa ya Apple LaserWriter, na kazi hiyo ikaanza kuhamia kwenye meza za watu wa kawaida. Leo pleti hutengenezwa moja kwa moja kutoka kompyuta. Kazi ya mafundi wale imemwangukia mteja na kijana wake wa usanifu, na hatari ya hasara imehamia pamoja nayo.

Malalamiko huanza na rangi. Skrini hutoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mtambo hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, mpango ujulikanao kama CMYK. Kuna rangi za mwanga ambazo wino hauwezi kuzifikia: kijani kinachong'aa kwenye simu hutoka kimefifia, na bluu kali huelekea zambarau. Hapo mtambo haujakosea. Faili libadilishwe kuwa CMYK mapema, ili mwenye mali aone atakachopata. Ipo njia ya kuagiza wino maalumu kwa namba za Pantone, lakini huo ukiongezwa juu ya zile rangi nne unadai pleti ya tano. Kwa mtaji mdogo, mwandishi huyu haoni sababu.

Picha nayo ina hesabu yake. Kwa kazi nzuri zinahitajika pikseli 300 kwa kila inchi. Picha yenye upana wa pikseli 1,200 inatosha inchi nne tu, yaani kama sentimita 10. Kipeperushi cha A4 kinataka 2,480 kwa 3,508. Kuikuza picha ndogo kwenye kompyuta hakuirudishii kilichokosekana, na picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imekwisha kubanwa. Afadhali kuipeleka kwa flashi. Nembo ichorwe kwa vekta, ambayo haipotezi ubora hata ikikuzwa.

Rangi ya pembeni ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3, la sivyo kisu kikiyumba kidogo utaona ukingo mweupe. Maandishi madogo, kama viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi, yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa wino wote nne, pleti moja ikisogea kidogo herufi huwa na kivuli. Fonti zipachikwe ndani ya PDF.

Penye fedha zaidi ni barkodi. Bidhaa isiyosomeka kwenye skana ni usumbufu kwa supamaketi, na inaweza kukataliwa hata kama asali yenyewe ni safi. Barkodi ya tarakimu 13 ina kipimo cha kawaida cha milimita 37.29 kwa 25.93, na inaruhusiwa kupunguzwa hadi asilimia 80 tu. Wasanifu wengi huibana zaidi ya hapo ili ipatikane nafasi ya ua au nyuki. Wengine hukata nafasi nyeupe za pembeni, ambazo ndizo huijulisha skana mistari inapoanzia na kuishia. Tena skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, hivyo mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa. Kwenye chupa nyembamba, mistari ipangwe kama vipago vya ngazi, isizunguke mviringo wa chupa. Namba zitolewazo na GS1 Tanzania huanza na 620, na za Kenya 616. Namba iliyolipiwa haina faida ikichapwa vibaya.

Kabla ya kutia saini, mteja adai prufu ya karatasi, si ya skrini peke yake, na aisome neno kwa neno pamoja na mtu ambaye hakuiandika. Barkodi ijaribiwe kwa skana ya dukani. Mchapaji anayeona picha ina ukungu akanyamaza ana lawama zake, ila kumdai fedha baada ya saini ni kazi ngumu. Anayeingia sokoni kwa mara ya kwanza aanze na lebo mia chache za mtambo wa dijitali, usiohitaji pleti. Bei ya moja itakuwa juu, lakini kosa likionekana, gharama yake itakuwa ndogo.

Malipo ya msanifu nayo yaambatane na faili la asili, si PDF peke yake. Bila hilo, kubadilisha namba ya simu tu kutakulazimu kulipia usanifu upya.