Hesabu Safari Yote, Si Tikiti Tu

Reli ya zamani ilifika Nairobi mwaka wa 1899, na kwa miaka mingi msafiri wa Mombasa alilala garini usiku kucha. Tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka wa 2017, safari hiyo huchukua saa tano au sita.

Mwezi wa Januari 2024 nauli ilipandishwa: daraja la chini kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Hivyo tikiti moja ya daraja la kwanza yatosha watu watatu wa daraja la chini.

Lakini tikiti si gharama yote. Stesheni za reli mpya ziko mbali na katikati ya miji: Syokimau kwa upande wa Nairobi, na Miritini kwa upande wa Mombasa. Mwenye watoto na mizigo hulipa gari la kumfikisha huko, na akishuka hulipa jingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi huenda polepole zaidi, kwa kuwa barabara ina malori mengi, na nauli yake hupanda sikukuu zikaribiapo. Hata hivyo humchukua msafiri mjini na kumshusha mjini. Ndege hufika upesi, lakini kwa kawaida ndiyo ghali kupita zote.

Kwa hiyo yafaa kila mtu ahesabu fedha na saa tangu atokapo nyumbani hadi afikapo aendako, ndipo akate tikiti.