Programu ya Zamani Ikigoma Kufunguka: Hesabu Ziokolewe Kwanza

Kikundi kinachotunza hesabu za marejesho ya mkopo wa Halmashauri katika kompyuta huingiwa na hofu pale programu ya zamani inapogoma kufunguka. Hata hivyo, programu kugoma si hesabu kupotea: mara nyingi hesabu hukaa katika faili la peke yake.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kunakili faili hilo kwenye flashi kabla ya kugusa kitu kingine. Kuiondoa programu kwa pupa ili iwekwe upya kwaweza kufuta kumbukumbu zote.

Hatua ya pili ni kuzima na kuwasha kompyuta, kisha kuhakiki tarehe yake; tarehe ikikosewa, baadhi ya programu hukataa kufunguka. Ikiwa kompyuta imewekewa Windows mpya, alama ya programu ibofywe kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ifunguliwe “Properties”, kisha “Compatibility”, na lichaguliwe toleo la Windows lililotumika awali.

Ikishindikana, toleo jipya litafutwe kwa mtengenezaji, wala si nakala ya mitaani inayoweza kubeba virusi. Daftari la mkono nalo lisiachwe. Ndilo shahidi wa mwisho.