Jiko Unaloweza Kulala Nalo

Juni ikiingia, watu wa Mbulu na Katesh hufukua makoti. Usiku mpangaji wa chumba cha bati hukoka jiko la mkaa uani, akangoja moshi uishe, akaliingiza ndani. Hufunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitenge. Anaamini hatari ni moshi, na moshi umekwisha.

Kinachoua hakionekani. Mkaa unaoungua kwa hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hunata kwenye damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo mtu huishiwa oksijeni huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Huanza kichwa kuuma, kisha kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Mkaa unaofifia chini ya majivu haufai kuaminiwa, na saa hiyo mwenyewe ameshalala. Tena, katika vijiji vya mita 2,000 juu ya bahari, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa takribani moja ya tano.

Wairaqw, wenyeji wa Mbulu, zamani walijenga nyumba zilizotunza joto. Nyumba ya tembe ilichimbiwa ubavuni mwa kilima, paa likafunikwa udongo, mifugo ikalala humo humo. Udongo mzito hunywa joto la jua na la moto wa jioni, ukalirudisha polepole hadi alfajiri. Bati halina akiba hiyo: moto ukizimika, nalo limepoa.

Chumba cha bati kisicho na umeme kinataka jiko la kuni lenye bomba. Fundi wa kuchomelea akutengenezee kasha la chuma, mlango wake ufunge barabara, na bomba la inchi 4 lipande wima, maana kila kona hupunguza mvuto. Litokeze juu ya paa futi 3, tena lizidi kwa futi 2 chochote kilicho ndani ya futi 10. Bomba lipite mbali na mbao za kenchi. Kasha likae sentimita 90 mbali na kitanda, pazia na ukuta wa mbao.

Chini ya ukuta, karibu na jiko, acha tundu la hewa lisilozibwa. Moto usiopata hewa ya nje huivuta kupitia bomba, moshi ukarudi chumbani. Kando ya kasha panga matofali ya kuchoma. Hayo ndiyo udongo wako wa tembe.

Kabla ya kukoka, zima njiti ya kiberiti mlangoni mwa jiko. Moshi wake ukiingia ndani, bomba linavuta. Ukikujia usoni, usikoke.

Na kama leo una mkaa tu, pasha tofali uani, lifunge kwa kitambaa kizito, liweke miguuni. Jiko lenyewe lilale nje.