Sataranji ya Jiwe la Kisii na Mabingwa wa Kale

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa neno sataranji. Tulilipata kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Hata neno shaha, tunalomwitia bingwa wa malenga, asili yake ni Kiajemi na maana yake ni mfalme. Ndiye yule yule mfalme wa ubaoni. Lakini leo ukiingia katika maduka ya vinyago ya Mombasa kutafuta seti ya sataranji, mara nyingi utaonyeshwa iliyochongwa mbali na bahari, katika nchi ya Wagusii.

Nilipokwenda huko nilipita Nyamira penye mashamba ya chai, nikafika Kisii mjini, kisha nikashika njia ya Tabaka yaliko machimbo ya jiwe la sabuni. Jiwe hili ni laini, hukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu. Wanaume huchonga, wanawake husugua kwa msasa na maji, na mwisho hupakwa nta likang'aa. Kete zote 32 za seti moja hutengenezwa hivyo, moja baada ya moja. Mchongaji niliyekaa naye alizijua zote kwa umbo na kimo, ila mchezo wenyewe hakuwahi kuucheza. Nilipomwuliza mfalme huenda hatua ngapi, alicheka akasema yeye humfikisha dukani tu.

Jibu hilo lilinifikirisha, kwani urithi wa sataranji haumo katika kete. Umo katika vichwa vya waliocheza na vya waliofundishwa nao.

Zamani za Makhalifa wa Baghdad, wachezaji walipangwa kwa madaraja, na wa daraja la juu kabisa waliitwa aliyat. Hao ndio mabingwa wakuu wa wakati ule. Al-Adli, wa karne ya 9, aliandika kitabu juu ya mchezo huu. Baada yake akaja Abu Bakr as-Suli, aliyemshinda al-Mawardi, kipenzi cha Khalifa al-Muktafi, mbele ya Khalifa mwenyewe. As-Suli alifariki Basra yapata mwaka 946, akiwa fukara. Aliacha fumbo moja la ubaoni linaloitwa Almasi, ambalo alidai hapana duniani awezaye kulifumbua ila aliyemfundisha yeye. Lilikaa zaidi ya miaka elfu, hadi bingwa wa Kirusi, Yuri Averbakh, alipolifumbua katika miaka ya 1980.

Karibu zaidi na zama zetu ni Mir Sultan Khan, Mwislamu wa Punjab, aliyekuwa mtumishi wa tajiri mmoja wa huko. Bwana wake alimpeleka Uingereza, naye akautwaa ubingwa wa nchi ile mwaka 1929, 1932 na 1933. Katika mashindano ya Hastings ya 1930 na 1931 alimshinda Capablanca, aliyekuwa bingwa wa dunia kabla ya hapo. Kisha akarejea kwao, akaacha mashindano. Shirikisho la dunia, FIDE, lilipoanza rasmi kutoa cheo cha bingwa mkuu mwaka 1950, jina lake halikuwamo. Alifariki 1966, na cheo cha heshima alipewa mwaka 2024. Haki ilifika, lakini mwenyewe alikwisha zikwa.

Kwetu Afrika, Amon Simutowe wa Zambia alipata cheo hicho mwaka 2009. Kenya bado haijapata bingwa mkuu. Na la ajabu ni kwamba seti ya Tabaka haiingii katika ukumbi wa mashindano makubwa. Huko hutumika kete za umbo la Staunton, lililobuniwa Uingereza mwaka 1849, ili kila mchezaji azitambue kwa kutupa jicho tu. Jiwe laini nalo, likianguka sakafuni, huvunjika.

Najua wapo watakaouliza habari ya sheria. Wanavyuoni wamehitilafiana. Wapo waliouharimisha mchezo huu. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoifuata wengi pwani, ni makruhu maadamu hauna kamari wala haumpotezei mtu sala. Mwenye kuona kuuacha ni bora, na auache. Historia yake hata hivyo ni sehemu ya historia yetu, wala si vizuri tuisome kwa wageni peke yao.

Bao halikupotea pwani kwa sababu wazee walilicheza barazani, na vijana wakasimama nyuma yao wakitazama mkono unavyokwenda. Hapana mwalimu aliyelipwa. Sataranji nayo hapana njia nyingine ya kuirithisha. Huko Tabaka niliona kete zilizotupwa kando kwa kuwa na ufa mdogo, kwani mnunuzi hazitaki. Lau zingekusanywa zikapelekwa katika shule za Kisii na Nyamira, pamoja na mtu mmoja wa kuonyesha farasi arukavyo, mtoto wa mchongaji angejua baba yake anachonga nini. Kete yenye ufa haifai dukani, lakini kufundishia mtoto yafaa sana.