Mionzi ya gama haipigi hodi

Ule ujumbe umerudi tena: usiku huu, kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30, mionzi hatari itapita karibu na dunia, zima simu, watumie ndugu na jamaa. Na swali ni lile lile: "Mwalimu, nizime?"

Usizime. Tuseme ni mionzi ya gama: hiyo husafiri kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo hakuna habari inayoweza kuitangulia, hata ikitoka NASA, ambao husingiziwa kila mara. Tukiijua, imeshafika. Anayekutajia saa ya kufika kwake anakudanganya. Tena ujumbe wenyewe hauna tarehe, "usiku huu" ni usiku wowote! Na hiyo swichi ya simu inazuia nini? Kinachotukinga ni angahewa, ndiyo maana tunaitafuta mionzi hii kwa setilaiti.

Tarehe 9 Oktoba 2022, saa 10:17 alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, ulifika mlipuko wa mionzi ya gama, GRB 221009A, mkali kuliko yote iliyowahi kupimwa, baada ya safari ya karibu miaka bilioni 2. Uliitikisa ionosfia, sehemu ya juu ya angahewa, vipimo vikaonyesha. Simu yako uliizima?

Wengine hudhani mlipuko kama huo ni joto la nyota inayoungua. Sivyo. Kiini cha nyota kubwa huporomoka, kwa kawaida kikawa shimo jeusi, na mikondo miwili ya maada huchomoka kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Ndani ya mkondo, maada ya kasi zaidi huigonga iliyo mbele yake. Elektroni hupata nishati kubwa, huzunguka kwenye uga wa sumaku na kutoa miale. Lingekuwa joto tupu, spektra ingekuwa na umbo jingine kabisa. Joto lina mchango kiasi gani, hapo bado tunabishana. Milipuko mingi isiyofika sekunde 2 hutokana na nyota nutroni mbili kugongana, kama ule wa 17 Agosti 2017.

Ya kufanya? Futa ujumbe. Usiusambaze. Mwenye hamu afuatilie matangazo ya milipuko hii kwenye mtandao wa GCN wa NASA, ni bure. Data za Swift, setilaiti inayoitafuta milipuko hii, hushushwa hapo Malindi. Mionzi ya kujihadhari nayo ni ya hapa karibu. Jua la mchana, vaa kofia. Eksirei, mwambie mpigaji kama una mimba. Simu iache hewani, huenda mama akapiga.