Tantra ya Bara Hindi na Mwali wa Uzaramo

Tantra ni jina la jumla la mafundisho na taratibu za ibada zilizochipuka Bara Hindi zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na ambazo ndizo zilizoipatia yoga ya leo sehemu kubwa ya mafundisho yake kuhusu mwili. Miongoni mwa ushahidi wake wa kale ni jiwe la Gangdhar, Rajasthan, lililochongwa maandishi mnamo mwaka 423, yanayotaja hekalu la miungu wa kike waitwao Akina Mama. Baadaye vilitungwa vitabu vingi vya Kisanskriti, aghalabu katika umbo la mazungumzo kati ya mungu Shiva na mkewe, na kuanzia karne ya 8 mafundisho hayo yakavuka milima hadi Tibet yakiwa ndani ya Ubudha.

Watawa wengi wa kale wa Bara Hindi waliuona mwili kuwa mzigo wa kutuliwa, lakini wafuasi wa tantra walishika kwamba ulimwengu wote umo mwilini, na kwamba nguvu inayouendesha, iitwayo shakti, ni ya kike. Nguvu hiyo husemwa kuwa imelala chini ya uti wa mgongo, ambako huitwa kundalini, na mwanafunzi huipandisha kwa pumzi na kwa mantra, yaani maneno matakatifu yanayokaririwa, ikipita vituo viitwavyo chakra hadi utosini. Idadi ya vituo hivyo hutofautiana kitabu kwa kitabu. Hesabu iliyozoeleka leo ilienezwa na John Woodroffe, jaji Mwingereza wa Calcutta, aliyefasiri mwaka 1919 kitabu cha Purnananda cha mwaka 1577.

Elimu hii haipatikani kwa kusoma tu. Ni lazima mwanafunzi aingizwe na mwalimu, guru, kwa tendo liitwalo diksha, na aliyofundishwa huko huyaweka siri. Katika jambo hili msomaji wa Kisarawe au Kibaha huenda akaelewa upesi kuliko wa London, kwa kuwa Wazaramo wa pwani ya Tanzania, ingawa mila yao haina asili moja na tantra, nao wana elimu ya mwili inayopitishwa kwa kuingizwa. Msichana akivunja ungo huwa mwali, akawekwa ndani, zamani kwa miezi mingi na sasa mara nyingi kwa siku chache za likizo ya shule, naye hufundwa kwa nyimbo na mafumbo, na huchezwa chini ya mkole, mti ambao ni ishara ya uzazi. Hupewa pia mwana hiti, kigogo kidogo chenye kichwa na kiwiliwili kisicho na mikono wala miguu, akitunze kama mtoto. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alizieleza ishara za Wazaramo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1970.

Damu ya mwali ina mwenzake katika jimbo la Assam, India. Hekalu la Kamakhya, katika kilima cha Nilachal mjini Guwahati, ambalo ni kitovu kikuu cha tantra, halina sanamu ya mungu wake wa kike. Kinachoabudiwa ni jiwe la umbo la uke linaloloweshwa na chemchemi. Kila Juni, katika sikukuu ya Ambubachi, milango hufungwa kwa siku tatu kwa kuwa mungu huyo huhesabiwa kuwa hedhini, kisha mahujaji hugawiwa vipande vya kitambaa chekundu.

Mila zote mbili zimepakwa tope moja. Baadhi ya madhehebu ya tantra yalitumia pombe, nyama na tendo la ndoa katika ibada, mengine yakayatafsiri kama ishara tu, lakini wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani waliligeuza tendo hilo kuwa tantra yote, kama vile wasiochezwa wanavyodhani kwamba unyagoni hufundishwa mambo ya chumbani pekee. Zinapoachana ni katika kusudi: mwali hutolewa nje ili aolewe, azae na kuuendeleza ukoo, ilhali mfuasi wa tantra hutafuta moksha, yaani kufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, jambo ambalo makungwi wa Uzaramo hawana haja nalo hata kidogo.